Kabura Wawili

Kihara aliichukia ile printa kabla haijatolewa kwenye boksi. Iliposhushwa kutoka gari la dayosisi, asubuhi ya Julai, ukungu umelala juu ya mabati na kila mtu anapuliza vidole, yeye alisimama katikati ya mlango wa masjala na kikombe chake cha chai. Waliobeba boksi walifika mbele yake wakihema. Hakusonga. Ilibidi wajipinde ubavuubavu kumpita, na mmoja akakwaruza mkono kwenye kitasa. Kihara akanywa chai.

Alikuwa na sababu, tusimwonee. Hospitali ile ya misheni, juu kidogo ya Ruring'u, ilikuwa na kompyuta kubwa moja inayoendeshwa na mfumo uitwao Unix, na kando yake kompyuta kuukuu iliyoshikilia printa ya kugonga utepe, ile ya makelele, ambayo mlio wake ulisikika hadi jikoni. Zote zilikaa chumbani mwa Kihara. Kila jibu la maabara, liwe la damu, choo au makohozi, lilichapwa pale. Na pale palikuwa na dirisha dogo la wavu, na nyuma ya dirisha alikuwa Kihara. Muuguzi alitoka wodini, akateremka ngazi za matope, akasimama kwenye manyunyu. Kihara akimpenda, alipewa jibu lake. Asipompenda, aliambiwa "bado". Madaktari wenyewe walikuwa wakimwamkia kwanza, tena kwa kuinama kidogo, maana dirisha lilikuwa chini.

Sasa printa mpya ingekaa wodini, juu ya meza ya wauguzi, na waya wa mtandao ungepandisha majibu bila kumpitia mtu. Bwana Wambugu, msimamizi wa hospitali, alishasema mbele ya wote kwamba ikifanya kazi, dirisha litapigwa mbao na Kihara atatafutiwa kazi nyingine. Kazi gani, hakusema. Na kama haitakuwa imefanya kazi kamati ya hospitali itakapokutana Ijumaa, printa itarudi dayosisi, na fundi wake naye arudi alikotoka.

Fundi huyo alikuwa Karambu, mwanamke kijana kutoka Meru, mwenye sweta ya kijani na mkoba wa koleo na nyaya. Kihara alimtazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Ati wewe ndio fundi? Nilifikiria wataleta mwanaume."

"Na mimi nilifikiria nitapewa kiti," akasema Karambu, akaketi juu ya boksi.

Vita vikaanza hapo.

Tatizo la Karambu lilikuwa moja, na Kihara alilijua vizuri. Kwenye Unix yuko mtumiaji mmoja anayeruhusiwa kila kitu, anaitwa root, na bila neno lake la siri huwezi kuongeza hata kijiko katika nyumba ile. Mzungu aliyeisimika kompyuta alikwenda zake kwao, akamwachia Kihara peke yake neno hilo. Wambugu alikuwa ameliomba mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, na Kihara alimjibu vilevile kila mara.

"Password si chumvi, ati unapeana kwa jirani."

Kwa hiyo Karambu alilazimika kumwomba. Alimwomba asubuhi nzima, na Kihara alikuwa na shughuli. Alichonga penseli. Alifuta vumbi juu ya kabati ambalo halijafutwa tangu linunuliwe. Saa ya chai ilipopita ndipo akaketi mbele ya kompyuta, akageuza mgongo ili msichana asione vidole vyake, akaingia.

"Haya. Sema."

"Fungua ile faili ya majina. Kila mashine iko na namba yake na jina yake. Andika namba hii." Akampa kikaratasi. "Mbele yake andika wodi2."

"Wodi mbili ni jina ya mtu?"

"Si mtu, mzee. Ni printa."

"Hapa mimi ndio hupatia mashine majina. Wewe enda ufunge waya yako huko juu."

 Karambu alikuwa na waya wa kuvuta kupitia dari la wodi kabla wagonjwa hawajaletewa chakula. Akabeba mkoba wake, akapanda ngazi, akimwacha Kihara na faili.

Lazima niseme namna Kihara alivyokuwa akitoa majina, maana mambo yote yanatoka hapo. Alitoa kama Mgikuyu anavyowapa watoto wake. Mvulana wa kwanza ni baba ya baba, kwa hiyo kompyuta kubwa iliitwa Theuri, kwa baba yake. Msichana wa kwanza ni mama ya baba, kwa hiyo ile kompyuta kuukuu ya printa iliitwa Kabura, kwa mama yake. Alisema printa ni mwanamke kwa sababu ya kelele, na hakuona aibu kusema hivyo mbele ya wauguzi. Sasa huyu mpya alikuwa msichana wa pili, na msichana wa pili, kila mtu wa Nyeri anajua, ni wa mama ya mke.

Mama ya mke wa Kihara aliitwa Wangui. Bibi huyo alikuwa amewahi kumfukuza uani kwake, mbele ya majirani, kwa ufagio, kwa sababu ya maneno aliyosema kuhusu kupika kwa binti yake. Jina lile Kihara hakuwa ameliweka ulimini tangu siku hiyo. Aliwaza kidogo, akavuta pua, akaandika kabura kwa mara ya pili, chini kabisa ya faili. Akahifadhi. Akaandika agizo la kuchapisha kama kikaratasi kilivyoeleza, kwamba karatasi za wodini zipelekwe kwa kabura. Alifanya hayo bila hila yoyote. Nyumbani kwake Gakindu kulikuwa na akina Kabura watatu, na hakuna aliyewahi kula chakula cha mwenzake.

Kule juu Karambu alifunga waya, akawasha printa, akakaa kwenye kompyuta ya wauguzi na kutuma ukurasa wa majaribio.

Kihara alikuwa amefunua gazeti wakati ile printa yake kuukuu iliposhtuka na kuanza kukereza. Aliinuka kwenda kuitazama. Karatasi ikatoka na maneno makubwa: JARIBIO. WODI YA PILI. Aliyasoma. Akayasoma tena. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika kabati. Mwana wa Meru ametuma barua kwa Mungu na imefika kwa Kihara! Ukurasa wa pili ukatoka, na wa tatu. Alizikunja akazitia mfukoni mwa koti.

Karambu aliteremka na utando wa buibui kichwani. Hakuomba ruhusa. Faili ya majina inasomwa na yeyote, kuibadilisha tu ndiko kunakohitaji root, naye aliifungua kwa ile kompyuta kuukuu ya printa.

"Mzee, umeandika Kabura mara mbili."

"Ndio."

"Hii kompyuta inasoma kutoka juu. Ikipata Kabura wa kwanza inasimama hapo hapo. Huyu wa chini haitamfikia hata siku moja. Kila kitu natuma inakuja hapa kwako."

"Nimeona. Imejua mwenyewe ni wapi."

"Basi badilisha moja."

Kihara alivua miwani. Hapo ndipo alipoona, kwa uwazi kabisa, kitu alichokuwa amekiokota bila kuinama. Hakuhitaji kuvunja waya wala kuiba fyuzi. Alihitaji tu kukaa.

"Nibadilishe mama yangu?" akasema polepole. "Mama yangu ako hai. Ako Gakindu sasa hivi anachuma kahawa. Wewe msichana wa watu unataka nimfute?"

"Si yeye nataka ufute. Ni neno!"

"Kwenu huko Meru jina ni neno tu?"

 Jibu alilokuwa nalo Karambu halisemwi kwa mtu wa umri wa babake. Alitoka nje akaupiga ukuta teke, na Kihara akalisikia teke hilo na likamnogea kuliko chai.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Karambu alikuja kila asubuhi akasimama dirishani kama wauguzi, na Kihara akamwambia "bado". Alimpelekea Wambugu malalamiko, Wambugu akaja akagonga meza, Kihara akasema anaheshimu msimamizi lakini jina la mzazi halifutwi kwa kugongewa meza. Alijua Wambugu ni mtu wa kanisa na hataki laana. Wauguzi walichapisha kutoka wodini, kama walivyofundishwa, na majibu yote yakamwagikia chumbani mwa Kihara. Foleni ya dirishani haijawahi kuwa ndefu vile. Ngendo, muuguzi wa zamu ya mchana, alisimama mvuani na mwavuli uliovunjika ubavu.

"Mzee Kihara, niko na mama huko anatapika, nangoja jibu ya sukari yake. Nipatie hiyo karatasi."

"Si muko na printa yenu huko juu? Iulize."

"Naona karatasi hapo mezani!"

"Bado sijapanga."

Alimpa hatimaye, baada ya kuipanga, na kuipanga hakukuwa na maana yoyote. Ngendo alipanda ngazi akitukana kwa Kigikuyu, matusi ya shambani, na Kihara aliyasikia yote. Msidhani hayakumwuma. Yalimwuma. Lakini alikuwa na hofu kubwa kuliko matusi. Pale Gakindu mwanawe mkubwa alikuwa ameng'oa mibuni nusu shamba akapanda mboga bila kumwuliza. Mkewe alimjibu akiwa amempa mgongo. Mahali pamoja tu duniani watu walimngoja Kihara aseme, na mahali hapo palikuwa na upana wa dirisha la wavu. Wakilipiga mbao atakuwa mzee wa kukaa getini akifungua na kufunga, na wale wale madaktari watampigia honi.

Ijumaa kamati ikakutana kwenye ukumbi, kwa sala, chai na mkate wa siagi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mutahi kutoka Karatina, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kusikiliza akiwa amefumba macho. Karambu alisimama akaeleza. Alieleza vizuri mno, kwa hasira iliyofungwa kamba, na alipomaliza wazee walitazamana.

"Sijaelewa," akasema Mutahi. "Kosa ni kwamba kuna Kabura wawili?"

"Ndio, mwenyekiti."

"Lakini nyumba gani haina? Kwangu kuko Wangui wanne. Nikiita Wangui, yule namtaka anakuja."

"Kwa sababu wewe uko na macho, mzee, na wao wako na masikio. Hii kompyuta inasimama kwa mlango na kuita Kabura, na yule wa kwanza kuitika anapewa mzigo. Haiangalii ni nani."

"Basi hiyo kompyuta haina adabu," akasema mzee mmoja, na ukumbi wote ukacheka. Kihara alicheka kuliko wote. Karambu hakucheka. 

Wambugu alijaribu. Alisema jina moja libadilishwe, ni jambo la dakika moja. Lakini wazee walikuwa wameshaingia kwenye habari ya majina, na hapo huwatoi. Kufuta jina la mama aliye hai? Na akipatwa na jambo wiki hii, nani atasema si sisi? Mutahi alifungua macho akaamua kwamba majina yatabaki yote mawili kama yalivyo, na kama fundi hana njia nyingine, hospitali inamshukuru na kumtakia safari njema. Kihara aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

"Lakini Kihara," akasema Mutahi, akimenya ukoko wa mkate, "wacha nikuulize kitu. Huyu wa pili ulikuwa umwite mama ya mke wako. Ni haki ya wakwe. Mbona ulirudia kwenu?"

 Watu wawili watatu pale walikuwa wa upande wa Mukurweini, anakotoka Kihara, na habari ya ufagio walikuwa nayo. Mmoja alijifanya kukohoa.  Kihara angesema nini? Kwamba amewanyima wakwe jina kwa sababu ya bibi kizee na ufagio? Alitafuta jibu la heshima, akalipata haraka, na kulipata haraka ndiko kulikomponza.

"Mwenyekiti, si kurudia," akasema, na sauti yake ikapata uzito wa mzee. "Huyu Kabura mkubwa amechoka. Amefanya kazi miaka mingi, anatetemeka, anakula utepe. Nikaona huyu mdogo ainue jina yake. Ndio yule mkubwa apate kupumzika, na kazi yake yote ishikwe na mjukuu."

"Maneno mazuri hayo," akasema Mutahi. Wazee wakaitikia kwa koo. Yule aliyekohoa alitikisa kichwa kwa kukubali.

Karambu alikuwa ameshaanza kukusanya koleo zake. Aliziacha.

"Mzee Kihara," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa laini, "umesema apumzike?"

"Nimesema."

"Na kazi yake yote ishikwe na mdogo?"

Kihara aliona kuna kitu, lakini hakukiona ni nini. Macho ya wazee yalikuwa juu yake. "Ndivyo kwetu," akasema.

"Mwenyekiti, basi nimeshindwa, nakubali. Majina yabaki. Sitagusa hata herufi, na password yake akae nayo. Naomba tu mzee afanye vile amesema. Amzime Kabura mkubwa, apumzike."

"Hilo tu?" akauliza Wambugu.

"Hilo tu. Kila mashine iko na namba, na jina inafuata namba. Huyu mkubwa akizimwa, namba yake itabaki bila mtu. Printa mpya iko na vitufe mbele, namba yake inawekwa hapo hapo kwa mkono, bila ruhusa ya root. Nitampatia ile namba ya mkubwa. Kompyuta ikiita Kabura wa kwanza, ni yeye ataitika."

Mutahi alifumba macho, akayafumbua. "Amerithi jina na boma," akasema. "Hiyo naelewa."

Kihara alisimama. Alisema kompyuta ile haiwezi kuzimwa hivihivi. Alisema ina mambo ndani yake. Alisema msichana huyu ni mjanja, watu wa kwao ni wajanja, amewazunguka wote. Mate yalimruka. Wambugu alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Ni maneno yako, Kihara," akasema Mutahi. "Sisi hatukukufundisha."

Walikwenda wote masjala, kamati nzima, wengine bado wameshika vikombe. Hakuna aliyemsukuma. Walisimama tu wakingoja, kwenye chumba ambacho kwa miaka walikuwa wameishia dirishani mwake. Kihara alitazama kompyuta ile, plastiki yake imekuwa rangi ya jino, akatafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Hakuupata. Kwa Karambu hakuutafuta. Alinyoosha mkono nyuma yake na kubonyeza swichi, na feni ya ndani ikazunguka, ikalegea, ikanyamaza. Wazee walisubiri kidogo, kama kwenye mazishi, kisha wakaenda kumalizia mkate.

Karambu hakupanda wodini mara moja. Alikusanya koleo moja moja.

"Nilikuwa naomba asubuhi nzima," akamwambia. "Asubuhi nzima umechonga penseli."

"Mtarudi," akasema Kihara.  "Password iko kwangu. Kuna siku mtaitaka, na mtakuja hapa kwa magoti."

"Kaa nayo, mzee."

Akapanda ngazi. Baada ya muda, kutoka juu, ilisikika sauti ya wauguzi wakipiga makofi. Ya printa yenyewe haikusikika, kwa kuwa ile haikuwa na kelele.

Jumatatu Kihara alifika kazini mapema kuliko desturi, koti limepigwa pasi. Kazi mpya haikuwa imetajwa, na mbao za dirisha hazikuwa zimefika. Aliketi. Alijiambia kwamba kabla ya saa ya chai kitu kitaharibika huko juu na watakuja kutafuta root, na alikuwa ameshapanga atawajibu nini. Angewaacha wasimame kwanza. Hakuna aliyekuja. Wauguzi walipita chini ya veranda na mwavuli wao, wakiongea mambo ya sherehe ya harusi ya mtu, na hakuna aliyegeuza shingo. Daktari mmoja alipita wima, bila kuinama.

Alasiri ndipo Ngendo aliposhuka ngazi akikimbia, akaja moja kwa moja dirishani, akashika wavu.

Kihara alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Yale yote aliyopanga kumwambia yalimtoka. "Sema, sista," akasema. "Sema. Ni nini imekataa?"

"Hakuna imekataa. Imemaliza karatasi. Uko nazo?"

"Niko nazo! Nyingi!" Alikwenda kabatini akavuta boksi zima, zito, akalikumbatia kifuani na kulileta, akafungua mlango badala ya dirisha, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia muuguzi yeyote. Ngendo alichungulia ndani ya boksi. Karatasi zilikuwa za printa ya zamani, zimeshikana moja hadi nyingine, zimekunjwa kama kitambaa, na kila upande zina mstari wa mashimo.

"Hizi ziko na mashimo, mzee. Haziingii."

"Naweza kukata. Ngoja nitafute makasi, nikukatie moja moja."

Ngendo alimtazama. Hakuwa na hasira tena, na Kihara angeipenda hasira.

"Wacha tu," akasema. "Nitaulizia stoo."

Akapanda ngazi, na Kihara akabaki mlangoni amekumbatia boksi.